Bakteria wa Mgori Atahifadhiwa Wapi?

Kwa miezi kadhaa sasa barua zinazoletwa kwenye jarida hili zimegawanyika kambi mbili. Kambi ya kwanza inasema wakati umefika bakteria mpya apewe jina kwa mfuatano wa vinasaba vyake peke yake, bila mtafiti kulazimika kumwotesha maabara. Kambi ya pili imeshikilia kanuni ya zamani: pasipo bakteria hai aliyehifadhiwa, hakuna jina. Nimezisoma barua zote, na zimeniudhi kwa sababu moja. Wanaobishana wanalichukulia jambo hili kuwa la mbinu tu, yaani mashine gani itumike na asilimia ngapi zitoshe. Hakuna aliyeuliza bakteria huyo ametoka katika ardhi ya nani, wala akishapewa jina anahifadhiwa wapi. Toleo hili tumelipanga kwa ajili ya swali hilo, na msimamo wangu nauweka wazi mapema. Spishi mpya ikipatikana ndani ya buu la Tanzania, kielelezo mama chake, yaani bakteria yule anayebeba jina la spishi hiyo, kihifadhiwe hai Tanzania, na kijiji kilichotunza makazi ya buu hilo kitajwe katika maelezo ya spishi na katika mkataba wa sampuli.

Mgori nimeichagua makusudi kuwa kipimo cha hoja hii. Msitu wa Mgori, mkoani Singida, ni miombo yenye ukubwa wa takriban hekta 44,000. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mpango wa Serikali ulikuwa kuuchukua uwe hifadhi yake. Mwaka 1995 mambo yakachukua mkondo mwingine. Vijiji vitano vinavyopakana nao, yaani Pohama, Ngimu, Unyampanda, Nduamghanga na Mughunga, vilianza kuutunza vyenyewe, kila kimoja kikiwa na sehemu yake, sheria ndogo zake na vijana wake wa doria. Mshauri alikuwa Liz Wily na fedha zilitoka Sweden. Mgori na Duru-Haitemba ya Babati ndiyo mifano iliyotangulia Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, iliyoutambua rasmi msitu wa hifadhi wa kijiji. Wanakijiji wa Singida waliifundisha nchi nzima kwamba anayetunza ana haki ya kuamua.

Haki hiyo, hata hivyo, iliandikiwa vitu vinavyoonekana kwa macho: mti, mkaa, mzinga, malisho, moto. Anayeingia msituni na shoka huulizwa kibali na kijana wa doria. Anayeingia na kibanio na vichupa vya kukusanyia mabuu kwenye gogo linalooza, au viluwiluwi kwenye dimbwi la msimu wa mvua, huonekana mtu asiye na madhara. Huenda kweli asiwe na madhara. Lakini alichobeba katika kichupa chaweza kuwa mali inayodumu kuliko magogo yote yaliyokamatwa na doria, kwa sababu bakteria mmoja akishaoteshwa huzalishwa bila kikomo, na wala hakuna haja ya kurudi Mgori kumchukua tena. Thamani imehamia kwenye kisichoonekana, na haki ya kijiji haijaifuata.

Watakaosema naota ndoto wasome historia ya bakteria aitwaye Thorsellia, ambayo ni ya hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 2005 Lindh, Terenius na Faye, wakitokea Sweden, walichapisha uchunguzi wa bakteria wa tumboni mwa mbu aina ya Anopheles waliokamatwa Kenya na Mali. Mmoja wa bakteria waliotokana na utafiti huo hakufanana na jenasi yoyote iliyojulikana. Mwaka 2006, wakiwa na Kämpfer na wenzake, walimtangaza kuwa jenasi mpya na spishi mpya: Thorsellia anophelis, aliyetolewa tumboni mwa Anopheles arabiensis. Jenasi ilipewa jina la Walter Thorsell, mtafiti wa Sweden aliyeshughulikia dawa za kufukuza mbu. Mwaka 2008 Briones na wenzake, wakiwemo Shililu na Githure, walionyesha kwamba bakteria huyo huyo ndiye aliyetawala katika matumbo ya mbu waliokamatwa majumbani katika Kenya ya kati, na kwamba yumo pia katika maji ya mashamba ya mpunga ya jirani. Kisha mwaka 2015 zikaja spishi mbili zilizotolewa moja kwa moja katika viluwiluwi vya Anopheles arabiensis: Thorsellia kenyensis na Thorsellia kandunguensis. Kwa pamoja zilitosha kuundiwa familia mpya kabisa, Thorselliaceae.

Hii ni kazi nzuri ya sayansi na siipunguzii hadhi hata kidogo. Ilitupa picha kamili ya maisha ya kiumbe huyu. Kiluwiluwi cha Anopheles hulala sambamba na uso wa maji na kuchuja chakula katika utando mwembamba wa juu, mahali penye bakteria wengi kuliko maji ya chini yake. Tumbo lake lina alkali kali inayowaua wengi kati ya hao anaowameza. Thorsellia huvumilia pH 9, na akiongezewa damu kwenye chakula cha maabara hukua upesi zaidi. Yaani tabia moja inamfaa akiwa ndani ya kiluwiluwi, na nyingine inamfaa mbu jike anapoanza kunyonya damu. Kiumbe anayeweza kuishi katika maji ya mpunga, tumboni mwa kiluwiluwi na tumboni mwa mbu mzima ndiye hasa anayetafutwa na watu wanaotaka kutumia bakteria kumzuia kimelea wa malaria ndani ya mbu.

Sasa tazameni kielelezo mama. Thorsellia anophelis anajulikana kwa namba CCUG 49520, na herufi hizo ni za hifadhi ya vijidudu ya Chuo Kikuu cha Göteborg. Mbu ni wa Kenya, maji ni ya Kenya, watu walioumwa na mbu wale ni wa Kenya, na majina mawili kati ya matatu yanaitaja Kenya au mahali ndani yake. Mwanafunzi wa Nairobi, Morogoro au Singida anayetaka kulinganisha bakteria aliyempata yeye na Thorsellia halisi lazima aagize Ulaya, alipie, aombe kibali cha kuingiza kiumbe hai, na asubiri. Jina la mahali likiwa ndani ya jina la spishi ni heshima, lakini heshima hiyo haimpi mtu wa mahali hapo mamlaka yoyote juu ya kiumbe chenyewe.

Sweden ileile iliyogharimia vijiji vya Mgori vikabidhiwe msitu wao ndiyo inayohifadhi bakteria wa viluwiluwi vyetu. Silitaji hili kwa kulaumu. Watafiti wale walifuata kanuni zilizokuwepo, na wasingewahifadhi, leo tusingekuwa na cha kuzungumzia. Nalitaja kwa sababu linaonyesha kwamba kilichokubalika kwa miti kinaweza kukubalika kwa vijidudu. Nchi iliyoelewa mwaka 1995 kwamba msitu utunzwe na wanaoishi kando yake haitashangaa tukiiomba leo isaidie kielelezo mama kihifadhiwe karibu na kilikotoka.

Na kanuni yenyewe inatupa nafasi. Tangu mwaka 2001, jina la spishi mpya ya bakteria halithibitishwi mpaka kielelezo mama kiwekwe katika hifadhi mbili za umma zilizo katika nchi mbili tofauti. Mbili, na nchi tofauti! Hakuna anayehitaji kunyang'anywa kitu. Nakala moja iende Göteborg, Braunschweig, Paris au Ghent kama ilivyozoeleka, na ya pili ibaki kwetu. Sharti la pili la kanuni hiyo, kwamba kielelezo kipatikane kwa mtafiti yeyote anayekihitaji, halipingani na ninachodai. Mkataba mzuri humruhusu mtafiti kuchunguza na kulinganisha bila kizuizi, na humtaka arudi mezani siku matokeo yake yatakapogeuka kuwa biashara.

Biashara hii si ya kufikirika. Mwaka 1976, katika jangwa la Negev, Yoel Margalit alikuta dimbwi lenye viluwiluwi vya Culex vilivyokufa, akachukua sampuli. Humo ndimo alimotoka Bacillus thuringiensis israelensis, bakteria anayeua viluwiluwi vya mbu na ambaye leo hutumika karibu dunia nzima. Dar es Salaam ilianza kunyunyizia viuadudu vya bakteria kwenye madimbwi ya baadhi ya kata mwaka 2006, chini ya mpango wa kudhibiti malaria mijini. Mwaka 2015 kilizinduliwa kiwanda cha viuadudu hivyo huko Kibaha, kilichojengwa kwa teknolojia ya Labiofam ya Cuba, chenye uwezo wa kuzalisha lita milioni 6 kwa mwaka. Mwaka 2017 Rais Magufuli alikitembelea na kuziagiza halmashauri zikanunue dawa zake. Kibaha hutengeneza bidhaa mbili: Bactivec, inayotokana na bakteria wa aina ile ya Negev, na Griselesf, inayotumia bakteria aliyeitwa zamani Bacillus sphaericus na sasa Lysinibacillus sphaericus, wa ukoo namba 2362.

Ukoo huo 2362 ulitoka wapi? Ulitoka Nigeria, ndani ya nzi mweusi wa mtoni, Simulium damnosum, yule anayeeneza upofu wa mito. Mtafiti Weiser aliueleza mwaka 1984. Ndio pia uliomo katika VectoLex, kiuadudu kinachouzwa na kampuni ya Marekani. Bakteria wa Afrika alitoka Afrika, akaendelezwa kwingine, akarudi Kibaha kwa njia ya teknolojia tuliyoilipia. Wanaoniandikia kwamba uainishaji wa bakteria ni anasa ya nchi tajiri nawaomba waitafakari safari hiyo. Pasipo mtu wa kumtambua, kumpa namba na kumhifadhi, nzi yule wa Nigeria angebaki nzi tu. Faida ilianzia kwenye daftari la hifadhi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, nami sijaona mahali methali hiyo inapofaa kuliko hapa.

Kenya ilipata somo lake katika maziwa ya magadi. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, lilidai sehemu ya mapato ya vimeng'enya vilivyotokana na vijidudu vya maziwa hayo, sampuli zikiwa zimekusanywa mwaka 1992 na watafiti wa Uingereza, na vimeng'enya vyenyewe vikitumika viwandani kufifisha rangi ya jinzi. Ubishi ulikuwa mrefu kwa sababu makubaliano ya awali hayakuwa yameandikwa kwa namna ya kulinda upande wa Kenya. Mwaka 2007 KWS ikaingia mkataba na kampuni ya Novozymes kabla ya sampuli nyingine kuondoka, ukiwa na vipengele vya mgawo wa mapato na mafunzo kwa Wakenya. Tofauti kati ya mwaka 2004 na mwaka 2007 inatosha kutuelekeza: mkataba unaofuata biashara ni kesi, mkataba unaotangulia sampuli ni ushirika.

Sasa nirudi kwa kambi ya kwanza, ile ya mfuatano wa vinasaba. Baada ya kamati ya kimataifa ya uainishaji wa bakteria kukataa mwaka 2020 pendekezo la kukubali vinasaba kuwa kielelezo, wanaolitetea walianzisha kanuni yao, SeqCode, mwaka 2022. Chini ya kanuni hiyo jenomu yenyewe ndiyo kielelezo. Nakubali kwamba wako viumbe wasiooteka nje ya mwenyeji wao. Microsporidia MB, aliyetangazwa mwaka 2020 na watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, na wenzao, ni mfano mzuri ingawa si bakteria: anazuia kimelea wa malaria ndani ya Anopheles arabiensis, lakini anaishi ndani ya mbu, na ili kumchunguza lazima ufuge mbu walio naye. Kwa viumbe wa namna hiyo vinasaba ndipo pa kuanzia. Lakini ona pia kwamba icipe inaongoza utafiti huo kwa sababu kiumbe yuko hai mikononi mwake, Kenya. Faili la kompyuta peke yake lisingeipa nafasi hiyo.

Hoja ya kambi hiyo inayonikera zaidi ni ile inayodai kwamba kutumia vinasaba peke yake ni kuzihurumia nchi maskini, kwamba tunapunguziwa gharama ya majokofu. Huruma hiyo siitaki. Faili la jenomu likishawekwa kwenye hazina ya kimataifa husomwa na kampuni yoyote yenye kompyuta kubwa. Sisi wenye kompyuta ndogo na wanafunzi wengi tunahitaji kiumbe hai: kumwotesha katika pH 9, kuwalisha viluwiluwi bakteria huyo, kuona kama anaua au anasaidia. Jenomu hukueleza kiumbe anaweza kuwa na uwezo gani, na jaribio kwa kiumbe hai ndilo linalothibitisha. Ukituachia faili na kuchukua kiumbe, umetuachia nusu iliyo dhaifu.

Vinasaba navyo vimeanza kudaiwa. Mkutano wa Mkataba wa Bioanuwai uliofanyika Cali, Colombia, mwaka 2024 ulikubali mfuko ambao kampuni zinazonufaika na taarifa za vinasaba zitauchangia, na angalau nusu ya fedha hizo inakusudiwa kwa watu wa asili na jamii za wenyeji. Mfuko ulizinduliwa Roma mwezi Februari 2025. Jiulize Mgori itapataje sehemu yake. Hazina ya vinasaba ikiandika tu kwamba sampuli ni ya Tanzania, au mbaya zaidi ya Afrika, hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba buu lilitoka kwenye gogo la Ngimu au dimbwi la Pohama. Kijiji kisichoandikwa hakiwezi kudai. Kwa hiyo jina la kijiji, tarehe na mwenyeji wa bakteria ni sehemu ya sayansi yenyewe, na mhariri anayeruhusu maelezo ya spishi yapite bila hayo anashiriki kufuta haki ya mtu.

Mtanisamehe nikipita haraka kwenye asilimia. Mpaka wa 97 wa jeni la 16S umesogezwa kufikia takriban 98.7, ulinganisho wa jenomu nzima unasimama kati ya 95 na 96, na msomaji wa jarida hili anajua kwamba namba moja haitoshi kutangaza spishi. Makala inayojadili mipaka hiyo imo ndani, imeandikwa kwa uangalifu, na ni ya kusomwa.

Makala ya magonjwa ya majana ya nyuki inamfuatilia Paenibacillus larvae tangu mtafiti White alipomweleza mwaka 1906 hadi mgawanyo wake wa chini ya spishi ulipofutwa mwaka 2006. Wafugaji wa nyuki wa Singida, ambao asali yao inategemea maua ya miombo, waisome kwa makini, maana spora za bakteria huyo husafiri ndani ya masega na vifaa vilivyotumika. Kuna insha fupi kuhusu mabuu waliochunguzwa na icipe mwaka 2024, wanaokula plastiki ya aina ya polistirini: bakteria wao wametajwa kwa jenasi, na hatua ya spishi bado inatungoja. Kuna pia mwongozo wa kufuga funza kwa ajili ya chakula cha kuku, wenye onyo zuri kuhusu bakteria wanaofuatana nao hadi bandani. Makala ya maoni kuhusu Kibaha inatofautiana nami kwa mambo mawili, na nimeichapisha yote.

Limebaki pingamizi moja la kujibiwa, nalo ni gharama. Hifadhi ya vijidudu, wanasema, inataka umeme usiokatika na naitrojeni kimiminika. Vitu hivyo vinasaidia, lakini si lazima kuanzia hapo. Bakteria wengi hukaushwa kwa baridi, wakafungwa kwenye vichupa vya kioo na kudumu miongo kadhaa katika jokofu la kawaida. Kinachotakiwa ni mashine ya kukaushia, chumba, daftari lisilopotea na watu wawili watatu walioajiriwa wabaki hapo, wasiwe wa mradi wa miaka mitatu. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina wataalamu wa vijidudu vya mifugo na mimea, Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha ina wa vinasaba, na Taasisi ya Afya ya Ifakara ina watu wanaofuga mbu usiku na mchana. Nchi iliyoweza kujenga kiwanda cha kuzalisha bakteria kwa mamilioni ya lita haiwezi kusema imeshindwa kuhifadhi vichupa.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iweke katika kibali cha utafiti sharti kwamba bakteria yeyote atakayependekezwa kuwa spishi mpya nakala yake hai ibaki nchini. Halmashauri ya Wilaya ya Singida ivisaidie vijiji vya Mgori kuongeza katika sheria ndogo kifungu cha sampuli za wadudu, udongo na maji, ili kijana wa doria awe na cha kuuliza. Na watafiti wenzangu, wa ndani na wa nje, waandike jina la kijiji kabla ya jina la spishi. Sisi upande wetu tumeamua: kuanzia toleo lijalo, jarida hili halitachapisha maelezo ya spishi mpya ya bakteria kutoka Tanzania pasipo kutaja kijiji ilikotoka, mkataba ulioruhusu sampuli, na mahali hapa nchini ambapo kielelezo mama chake kinapatikana kikiwa hai.